Msimbo wa Chuo Kikuu Usifungiwe Kabatini

Kila mwisho wa mwezi, katika zahanati na vituo vya afya kote Tanzania, mhudumu hufungua vitabu vya MTUHA, yaani rejista za huduma za afya, hujumlisha wajawazito waliohudhuria kliniki, watoto waliochanjwa na wagonjwa waliopimwa malaria, kisha takwimu hizo huingizwa katika mfumo wa kompyuta uitwao DHIS2. Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2011, Tanzania ikafuata, na Uganda na Rwanda nazo zinautumia. Wizara za afya za nchi zaidi ya 70 duniani zinautegemea. Mfumo huo haukutoka kwenye kampuni kubwa ya programu. Kitovu chake ni Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway, kilichoujenga kwa kushirikiana na vyuo na wataalamu wa Afrika na Asia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo. Msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuusoma, kuuendesha, kuubadili na kuusambaza bila kumlipa mtu senti ya leseni.

Naanza na DHIS2 kwa sababu hoja ninazozisikia dhidi ya programu huria katika vyuo vyetu karibu zote zimekwisha kujibiwa na mfumo huu tunaoutumia kila siku. Wanaozitoa ni watu wenye nia njema: wakuu wa idara, wakurugenzi wa utafiti, wanasheria wa chuo, hata wahadhiri wa kompyuta waliokata tamaa. Zinastahili kujibiwa moja moja. Na baadhi yake zina ukweli ambao sisi tunaozitetea programu huria tumezoea kuuruka.

"Ukiweka msimbo wazi, umegawa mali ya chuo bure"

Hii ndiyo hoja kongwe. Mwaka 1980 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Bayh-Dole, iliyoviruhusu vyuo vikuu kumiliki uvumbuzi uliofanywa kwa fedha za serikali kuu na kuuza haki za kuutumia. Vyuo vikafungua ofisi za kusajili hataza na kutafuta wanunuzi. Mfano unaotajwa kila mara ni Stanford, kilichomiliki hataza ya PageRank, ile mbinu ya kupanga kurasa za intaneti iliyozaliwa pale Larry Page na Sergey Brin walipokuwa wanafunzi wake. Kwa kutoa leseni ya hataza hiyo, Stanford kilipata hisa milioni 1.8 za Google, na kufikia 2005 kilikuwa kimeziuza kwa dola milioni 336. Ni fedha nyingi, na haishangazi kwamba kila mkurugenzi wa utafiti anatamani chuo chake kipate PageRank yake.

Lakini PageRank ni moja. Ofisi nyingi za aina hiyo, hukohuko Marekani, hazirudishi hata gharama za kuziendesha. Anayeandika sera ya chuo kwa kumtazama mshindi mmoja na kuwasahau walioambulia patupu anajenga juu ya mchanga.

Tazama upande wa pili. Mwaka 1986, katika Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, Michael Stonebraker alianzisha mradi wa kanzidata ulioitwa POSTGRES, na msimbo wake ukatolewa wazi. Mwaka 1994 wanafunzi wawili, Andrew Yu na Jolly Chen, waliufanya uelewe lugha ya SQL. Miaka miwili baadaye ukapewa jina la PostgreSQL, na watu wa nchi mbalimbali wakauchukua na kuuendeleza hadi leo. Je, Berkeley ilipata hasara? Kampuni ya Illustra ilijengwa juu ya kazi hiyohiyo na ikanunuliwa na Informix. Stonebraker alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2014. Miaka mingi baadaye, katika chuo hichohicho, Matei Zaharia alianza mradi wa Spark, programu ya kuchakata data nyingi, mwaka 2009 akiwa mwanafunzi wa uzamivu. Msimbo ukawekwa wazi, na mwaka 2013 yeye na wenzake wakaunda kampuni ya Databricks. Wanafunzi bora duniani huomba nafasi Berkeley wakijua kwamba kazi yao itaonekana. Hakuna ofisi ya hataza inayoweza kukununulia sifa hiyo.

Wapo hata waliorudisha fedha taslimu. Sage Weil aliandika mfumo wa kuhifadhi data uitwao Ceph kama tasnifu yake ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz, akaumaliza 2007 na kuuacha wazi. Kampuni aliyoiunda kuuhudumia, Inktank, ilinunuliwa na Red Hat mwaka 2014 kwa takriban dola milioni 175. Weil akakipa chuo chake mamilioni ya dola, na mwaka 2015 kikaanzishwa kituo cha utafiti wa programu huria palepale chuoni. Angeufungia msimbo ule kwa leseni ya chuo, yamkini hakuna ambaye angeujaribu, seuze kuununua.

Halafu kuna jambo la kisheria ambalo wanasheria wetu wanapaswa kulieleza vizuri zaidi. Kuweka msimbo wazi si kuacha umiliki. Fungua faili la leseni ya DHIS2 utakuta hakimiliki ni ya Chuo Kikuu cha Oslo, na leseni yenyewe ni ya BSD, inayomruhusu kila mtu kuutumia msimbo kwa sharti kwamba jina la mwenye hakimiliki libaki. Kila nakala ya mfumo huo inayosambazwa, ije Dodoma au iende Colombo, inabeba jina la Oslo. Chuo kinachotaka ulinzi zaidi kinaweza kuchagua leseni ya GPL, inayomlazimisha anayesambaza toleo lililobadilishwa kuuacha msimbo wa mabadiliko yake nao wazi. Msimbo uliotupwa mtandaoni bila leseni yoyote ndio mtego, kwa sababu kisheria haki zote zinabaki kwa mwandishi na hakuna mwenye ruhusa ya kuugusa. Sera nzuri ya chuo ingeanzia hapo, kwa kumwambia mhadhiri na mwanafunzi leseni gani aiweke na jina la nani liandikwe.

Na tuulizane kwa dhati: mali gani hiyo tunayoogopa kuigawa? Katika idara nyingi mradi wa mwaka wa mwisho hukabidhiwa pamoja na ripoti iliyojaladiwa, mwanafunzi hutetea mbele ya jopo, hupewa alama, na kazi yake huingia kabatini. Mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine huanza upya mfumo uleule wa usajili wa wagonjwa au wa maktaba ya shule. Kilichofungiwa kabatini hakiuziki wala hakisomeki, na bei yake ni sifuri.

"Wanafunzi wetu hawawezi kuandika programu ya kutumiwa na watu wa kweli"

Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, mwenye umri wa miaka 21, alipotangaza mfumo endeshi wa Linux mwaka 1991. Chris Lattner alikuwa mwanafunzi wa uzamili katika Chuo Kikuu cha Illinois alipoanza LLVM, zana za kugeuza msimbo kuwa programu, chini ya Profesa Vikram Adve, na leo programu za simu za iPhone hutengenezwa kwa kupitia zana hizo.

Najua jibu litakuwa: hao ni Helsinki na Illinois. Basi twende Eldoret. Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, Chuo Kikuu cha Moi na vyuo vya Amerika ya Kaskazini vikiongozwa na Indiana viliunda AMPATH mwaka 2001 ili kuwatibu watu wenye virusi vya UKIMWI. Kabla ya hapo, ushirikiano huohuo ulikuwa umejenga mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa katika kituo cha afya cha kijijini cha Mosoriot. Wagonjwa walipoongezeka kwa maelfu, mfumo ule mdogo ukashindwa kubeba mzigo, na kutokana na kushindwa huko ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004. Eldoret ndipo ilipoanza kufanya kazi, Februari 2006. KenyaEMR na UgandaEMR, zinazotumiwa katika vituo vingi vya matibabu ya UKIMWI, zimejengwa juu yake. Kwa upande wa Uganda, Skuli ya Afya ya Jamii ya Makerere imekuwa nguzo ya kuitunza.

Programu huria inamfundisha mwanafunzi jambo ambalo darasa haliwezi. Akipeleka marekebisho yake OpenMRS, yanasomwa na mtu asiyemjua wala kumwonea haya. Ataulizwa mbona hakuandika majaribio, mbona ametaja kitu kimoja kwa majina mawili, mbona maelezo hayaeleweki. Atarekebisha, atapeleka tena, ataulizwa tena. Akikubaliwa, kazi yake ipo hadharani kwa jina lake, na mwajiri yeyote anaweza kuifungua na kuisoma. Hakuna cheti kinachosema hivyo kwa ufasaha. Tangu 2007 OpenMRS imekuwa ikishiriki katika mpango wa Google wa kuwafadhili wanafunzi wanaochangia programu huria, na mlango huo uko wazi kwa mwanafunzi wa Mbeya au Maseno sawasawa na wa Boston.

"Msimbo ulio wazi si salama, hasa kwa taarifa za wagonjwa na matokeo ya mitihani"

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa makusudi au kwa kutojua. Msimbo kuwa wazi hakuzifanyi data ziwe wazi. Msimbo wa DHIS2 unaweza kuusoma leo hii ukiwa nyumbani, lakini huwezi kuona takwimu za wilaya yako bila akaunti na nywila uliyopewa na wizara.

Pili, usalama unaotegemea adui asijue mfumo umejengwaje ni usalama dhaifu. Auguste Kerckhoffs, mwanalugha Mholanzi aliyefundisha Ufaransa, alilisema hilo mwaka 1883 alipoandika juu ya maandishi ya siri ya kijeshi: mfumo mzuri hubaki imara hata ukiangukia mikononi mwa adui, mradi ufunguo haujaanguka. Wataalamu wa usalama wa kompyuta wamelishika hadi leo. Na programu zilizofungwa hazijatuepusha na maafa. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipenya kompyuta za Windows duniani kote na kuvuruga hospitali za umma za Uingereza, wagonjwa wakarudishwa nyumbani.

Mwenye hoja anaweza kunijibu kwa tukio la Machi 2024, na atakuwa na haki. Mtu aliyejiita Jia Tan alikuwa amejipenyeza kwa miaka zaidi ya miwili katika xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika karibu kila mahali penye Linux, akapanda ndani yake mlango wa siri wa kuingilia seva. Ulikaribia kusambaa duniani. Aliyeugundua ni Andres Freund, mwajiriwa wa Microsoft na mmoja wa waandishi wa PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi ya PostgreSQL, akaona kuingia kwenye mashine kunachelewa kwa kama nusu sekunde, akachimba mpaka akafika kwenye chanzo. Kama xz ingekuwa mali ya kampuni moja, Freund angeandika malalamiko kwa ofisi ya huduma kwa wateja na kusubiri.

Lakini somo la xz haliishii kwenye ushindi huo. Jia Tan alipata nafasi kwa sababu programu inayotegemewa na dunia ilikuwa ikitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea, aliyekwisha kusema hadharani kwamba uwezo wake wa kuihudumia umepungua. Kilichokosekana pale ni mshahara na msaidizi. Vyuo vikuu ni miongoni mwa mahali pachache duniani ambapo mtu anaweza kulipwa kwa miaka mingi ili atunze kitu kisichouzwa, na hii ndiyo sababu kubwa ya kuviomba viingie katika kazi hii.

Viingie kwa adabu, lakini. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walibainika kuwa walipeleka kwa makusudi marekebisho yenye kasoro kwenye Linux ili kupima kama yangepita. Watunzaji wa Linux walikasirika, wakasimamisha michango yote kutoka chuo hicho kizima, na watafiti hao wakalazimika kuomba radhi. Kamati za maadili zinazopitia tafiti za tiba zinapaswa kujua kwamba nyuma ya msimbo kuna watu.

"Miradi ya vyuo hufa mfadhili akiondoka"

Hapa sibishi, kwa kuwa ushahidi tunao nyumbani. Mwaka 2004 idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ndogo ya Sweden iitwayo IT+46, iliendesha mradi wa Kilinux, na mwishoni mwa mwaka huo ikatoa Jambo OpenOffice: programu ya kuandikia barua, kutengeneza majedwali na kuandaa maonyesho, menyu zake zote zikiwa kwa Kiswahili. Fikiria maana yake kwa karani wa kijiji au mwalimu wa shule ya msingi mwaka ule. Mpaka leo siipiti kazi ile bila kuistahi. Lakini wafadhili walipomaliza muda wao, mradi haukuwa na watu wa kudumu wa kufuata matoleo mapya yaliyotoka kila mwaka, na jina la Jambo likapotea masikioni mwa watumiaji.

Msimbo wazi uliacha kitu, hata hivyo. OpenOffice ilizaa LibreOffice mwaka 2010, na Kiswahili cha Tanzania kimo katika orodha ya lugha zake, tafsiri ikisubiri watu wa kuikamilisha. Programu ya kampuni ingekufa na kuzikwa pamoja na maneno yake.

Basi kwa nini Kilinux ilizimika na DHIS2 ikaendelea? Zote zilikuwa huria, zote zilitegemea fedha za nchi za Skandinavia, zote zilikuwa na watu wenye akili na moyo. Swali hili linastahili kukaliwa, maana jibu lake ndilo linaloeleza chuo kifanye nini.

DHIS ilianzia Cape Town. Mwaka 1994 Afrika Kusini ilitoka katika ubaguzi wa rangi ikiwa na idara 14 za afya, kila moja na fomu zake na namna yake ya kuhesabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Western Cape, cha Cape Town na cha Oslo walikaa na wahudumu wa wilaya kuuliza takwimu zipi zinahitajika na nani azione. Waliotoka Oslo walikulia katika mapokeo ya Kristen Nygaard, mwanasayansi wa kompyuta aliyefanya kazi na vyama vya wafanyakazi vya Norway miaka ya 1970 akishikilia kwamba anayeutumia mfumo lazima awe na kauli katika kuujenga. Toleo la kwanza liliandikwa kwa Microsoft Access, programu ya kulipia inayokaa kwenye kompyuta moja moja. Kasoro hiyo ilionekana, na toleo la pili likaandikwa upya kabisa kwa zana huria. Lilianza kutumika katika jimbo la Kerala, India, mwaka 2006. Kufikia wakati wa Kenya mwaka 2011 liliweza kukaa kwenye seva moja kuu, maofisa wa wilaya wakiingia kwa modemu za simu.

Hesabu miaka hiyo. Kutoka Cape Town hadi Kenya ni miaka 17. Hakuna mfadhili anayetoa fedha za miaka 17 kwa mpigo, na DHIS2 haikupata za namna hiyo. Ilipita kutoka mkataba mmoja hadi mwingine, kutoka Norad, shirika la misaada la Norway, hadi Mfuko wa Dunia na wengine. Kilichobaki palepale mkataba mmoja ulipoisha na mwingine haujaanza ni idara ya informatikia ya Oslo, yenye maprofesa walioajiriwa kwa kudumu ambao kazi hii iliandikwa katika majukumu yao, na wanafunzi wa uzamivu kutoka Tanzania, Msumbiji, Malawi, Ethiopia na India ambao tasnifu zao zilihusu mfumo huohuo. Wengi walirudi makwao wakawa walimu, washauri wa wizara na viongozi wa vikundi vya HISP, vinavyouhudumia mfumo huo katika nchi mbalimbali. Sri Lanka ilipohitaji kufuatilia wasafiri korona ilipoanza kuenea mwanzoni mwa 2020, wataalamu wa hukohuko walijenga sehemu hiyo ndani ya DHIS2 kabla ugonjwa haujatapakaa, na nchi nyingine nyingi zikaichukua.

Kilinux haikupewa paa la namna hiyo. Ilipewa mradi.

Niseme na linalouma. Kiini cha DHIS2 bado kiko Oslo. Wataalamu wetu wanausanidi mfumo kwa ustadi mkubwa, wanaandika programu ndogo za kuuongezea, wanafundisha wilaya nzima. Lakini uamuzi wa toleo lijalo lifanye nini hutolewa zaidi kule. Wapo wanaouona huo kuwa ukoloni mpya. Mimi nauona kuwa matokeo ya nani aliweka ajira ya kudumu na nani hakuweka. Leseni haimzuii mtu wa Dar es Salaam, Nairobi wala Kampala kuingia katika kiini hicho. Kinachomzuia ni kwamba hakuna anayelipwa kufanya hivyo kwa miaka kumi mfululizo.

Mwaka 2025 ulipoanza, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi nyingi za afya zilizoitegemea zikayumba, watu wakapoteza ajira. Leseni za DHIS2 na OpenMRS hazikuweza kusimamishwa, kwa sababu hakuna wa kuzisimamisha. Nchi iliyo na watu wanaoujua msimbo inaweza kuuendesha kesho kwa fedha yake yenyewe. Watu hao hufundishwa wapi kama si chuoni?

"Mhadhiri hapandi cheo kwa kuandika programu"

Ni kweli, na ndiyo hoja nzito kuliko zote, ingawa hutajwa mwisho na kwa sauti ya chini. Mhadhiri mwenye familia, mwenye darasa la wanafunzi mia tatu, ataandika makala mbili za jarida badala ya kutunza programu kwa miaka mitano, kwa kuwa makala ndizo zinazohesabiwa. Simlaumu.

Lakini vigezo hivyo viliandikwa na watu na vinaweza kuandikwa upya. Ross Ihaka na Robert Gentleman, wahadhiri wa takwimu katika Chuo Kikuu cha Auckland, walitengeneza R, lugha ya kompyuta ya kuchambulia takwimu, mwanzoni mwa miaka ya 1990 ili wapate zana ya kufundishia, wakaiweka chini ya GPL mwaka 1995. Makala yao ya 1996 inayoieleza ni miongoni mwa makala za takwimu zilizonukuliwa mno duniani, na wanafunzi wa takwimu na afya ya jamii wa Muhimbili na Nairobi huchambua data zao kwa R. Kama Auckland ingewapima kwa makala peke yake ingeona kipande kidogo tu cha mchango wao. Tangu 2016 kuna jarida linalopitia programu huria zenyewe, Journal of Open Source Software: wapitiaji huisakinisha programu, huiendesha, huangalia maelezo na majaribio yake, ndipo huikubali. Kumbe msimbo unaweza kupimwa kitaaluma. Kamati ya kupandisha vyeo inaweza kuuliza maswali ambayo majibu yake yako hadharani: programu imetoa matoleo mangapi, nani anaitumia nje ya chuo, watu wangapi wasio wanafunzi wa mwandishi wameichangia, makosa yaliyoripotiwa yalijibiwa? Ni maswali magumu kuyadanganya kuliko idadi ya makala katika majarida ya kulipia.

"Hatuna fedha"

Chuo kinachofundishia kwa Moodle, kilichoanzishwa na Martin Dougiamas alipokuwa Chuo Kikuu cha Curtin kule Australia, na kinachohifadhi tasnifu zake kwa DSpace, iliyotoka MIT na maabara za HP mwaka 2002, tayari kinaishi kwa programu huria za vyuo vya wenzake. Vyuo vyetu vingi viko hivyo. Fedha ambazo zingekwenda kwenye leseni hazijatoka, na sehemu yake ingetosha kumlipa mhandisi mmoja wa programu aliyeajiriwa na idara, asiyefundisha, ambaye kazi yake ni kutunza. Seva si ghali. Umeme ukikatika au intaneti ikizama, Git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, humwezesha mtu kuendelea na kazi kwenye kompyuta yake na kuituma mtandao ukirudi. Makerere haikusubiri utajiri. Mradi wake wa AirQo, ulioanza 2015 chini ya Engineer Bainomugisha, unapima uchafuzi wa hewa Kampala na miji mingine ya Afrika kwa vifaa vilivyobuniwa kustahimili vumbi na umeme wa mashaka, na msimbo wake umewekwa wazi.

Ombi langu kwa maseneti ya vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ni la mambo matatu, na yote yanaweza kupitishwa katika kikao kimoja. Programu inayotumika na kutunzwa ihesabiwe katika kupandisha cheo kama makala inavyohesabiwa. Kila mradi wa mwaka wa mwisho wa kompyuta uwekwe hadharani ukiwa na leseni na jina la mwanafunzi, isipokuwa pawe na sababu iliyoandikwa ya kuufunga. Na kila idara ya kompyuta iwe na walau nafasi moja ya ajira ya kudumu ya mtunza programu, iliyo kwenye bajeti ya chuo chenyewe na si ya mfadhili.